Swali Lililoulizwa Uani

Kota, Jumapili, 4 Machi

Mwanangu Kifungua,

Mimi mama yako ni mzima, wasiwasi wangu ni wewe tu huko uliko. Nianze na salamu, maana barua isiyo na salamu ni mgeni anayeingia bila hodi. Bibi yako anakusalimu, miguu bado inamsumbua lakini mdomo haujambo, jana kamwambia baba yako amekonda kama ufagio wa mwaka juzi. Baba yako anakusalimu, bado analinda lile ghala. Kitinda anakusalimu, anataka penseli ya wachoraji ukirudi, anasema za shuleni kwao zina uvivu. Mama Pacha wa chumba cha kushoto anakusalimu, na pacha wake pia, mmoja kang'oka jino na mwenzake analia kwa nini lake halijang'oka. Fundi Cherehani wa chumba cha kulia anakusalimu, anauliza lini atakushonea nguo ya harusi, nimemwambia aanze na vifungo.

Umeuliza kwa nini sikupigii simu, naandika kama watu wa zamani. Mwanangu, umesahau chumba chetu? Ukuta wa mbao na bati. Nikikohoa, Fundi Cherehani ananiambia pole. Nikikuuliza kwenye simu kama umekula, Mama Pacha anajibu, "Atakuwa amekula, ni mtu mzima." Barua namkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, na yeye hajui kusoma mwandiko wangu hata akitaka.

Sasa kazi uliyonipa, ya masomo yako ya kuchora nyumba. Nimepima vyumba vyote vya upande wetu. Sikuwa na tepu, nilichukua kamba yangu ya kuanikia nguo nikaipiga mafundo kwa urefu wa rula ya Kitinda, nikaingia chumba kwa chumba. Walinicheka sana. Wananiita Mama Kamba. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii, chumba cha Fundi usikiamini sana upande wa dirishani, vitambaa vilinizuia.

Na lile swali lako, kwamba wakijengewa upya wangependa nini kibaki. Niliwauliza wote kwa pamoja jioni uani, wakati wa kupika, ili nisizunguke. Mama Pacha akawa wa kwanza, akasema jiko la pamoja lisiguswe, hapo ndipo tunapojuana. Fundi akasema uani ndiyo roho ya kota. Wengine wote wakaitikia hivyo hivyo, hakuna aliyepinga. Na mimi nilisema hivyo. Bibi yako akapaza sauti kutoka kitandani, "Mbona umekohoa kabla ya kujibu?" Watu wakacheka sana.

Kula, mwanangu. Karatasi hazina damu, usizipe yako.

Nijibu upesi.

Mama yako

*

Chuoni, Ijumaa, 9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Msalimie Bibi, Baba, na Kitinda (penseli nimeshanunua, asiitafune). Waambie majirani wote nimefika mbali kwa kamba yako.

Mama, umenipa kitu ambacho wenzangu hawana. Wao wamechora nyumba za watu wasiowajua. Mwalimu wetu mkuu tunamwita Kifutio, kwa sababu anapita mezani na kifutio mkononi, na mchoro asioupenda anaufuta mbele yako bila kusema neno. Kwangu alisimama muda mrefu. Akasoma vipimo vyako, akasoma majibu ya majirani, akasema, "Huyu ameanza na watu." Akakirudisha kifutio mfukoni. Wenzangu walinipigia meza.

Yeye hutufundisha kwamba ukuta si matofali, ukuta ni uamuzi wa nani akuone na nani asikuone. Mimi nikaongeza langu: kama watu wa kota wamejenga undugu kwa sababu wanasikiana, basi kazi ya msanifu ni kuulinda huo usikivu. Kwa hiyo nimechora jiko moja kubwa katikati, lenye paa, na vyumba vyote vinalizunguka na kulitazama. Kuta kati ya chumba na chumba nimezifanya fupi, hazifiki darini, ili hewa ipite na sauti zipite. Nakala ya mchoro nimeikunja humu ndani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili si zoezi tena. Manispaa inataka kuvunja kota. Iko michoro miwili mezani. Mmoja ni wa kampuni, ghorofa nane za kupangisha watu wengine, na ninyi mtahamishiwa mbali, nje kabisa ya mji. Mwingine ni wangu, Kifutio ameupeleka kwa niaba ya chuo, unaowajengea palepale. Jopo la manispaa litakuja kota tarehe ishirini na nne, likae uani, liwaulize wakazi wenyewe. Wakisema kwa sauti moja kwamba mchoro huu ni wao, Kifutio ameahidiwa kuwa utachukuliwa. Wakisitasita, ghorofa inapita.

Nimempa Kifutio jina lako uwe msemaji. Wanakuamini, uliingia vyumbani mwao.

Usiogope. Utasema tu ulichoniandikia.

Kifungua wako

*

Kota, Jumatano, 14 Machi

Mwanangu Kifungua,

Salamu za wote, hawajambo, leo sina nafasi ya kumtaja mmoja mmoja.

Mchoro nimeuona. Nimeutandaza kitandani nikauangalia mpaka baba yako akauliza kama natafuta sindano. Ni mzuri. Mistari yake imenyooka, hata Bibi kasema mkono huu haukurithiwa kwa baba.

Nina maswali madogo, yasikukasirishe. Hizo kuta fupi, mtu akitaka kuzipandisha, anaruhusiwa? Na madirisha yote yakilitazama jiko, mtu akiwa hajisikii kutazamwa anakaa upande gani? Na mchoro ukishaonekana na mwalimu, bado unaweza kufutwa kidogo, au ndiyo basi?

Nauliza tu.

Halafu lile la usemaji. Fundi Cherehani ana sauti nzuri, na ni mwanamume wa kusimama. Mimi darasa la nne nililiacha katikati, nitawaambia nini watu wa jopo? Mfikirie Fundi.

Kamba yangu imekatika, ukija na nyingine nitafurahi.

Watu wa manispaa walipita wiki iliyopita, wakapaka namba nyekundu milangoni. Mlango wetu wameupa kumi na saba. Si neno.

Jibu kabla ya tarehe hiyo.

Mama yako

*

Chuoni, Jumatatu, 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, natengeneza mfano wa karatasi ngumu na gundi imenishika vidole.

Maswali yako nimeyaelewa, ni hofu ya kusimama mbele ya watu, nami ninayo. Kuta fupi usiziogope. Ni zile zile mlizozizoea, ila hizi ni imara. Huwezi kuniambia kwamba watu walioishi miaka yote wakisikiana watataka ghafla kukaa kama wamefungiwa kabatini. Hayo ndiyo maisha ya ghorofa ya kampuni: mtu hajui jirani yake kama yu hai. Nikiupandisha ukuta mmoja, Kifutio ataniuliza, "Nani kakwambia?" na mimi nina karatasi yenye majibu ya kota nzima kwamba hawataki kutenganishwa.

Fundi Cherehani hawezi. Jopo limeshaandika jina lako.

Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani mikubwa, mpole. Atakuuliza kitu kimoja tu: kama mnataka jiko la pamoja kama lilivyochorwa. Wewe utasema ndiyo. Ukitaka kuongeza neno ongeza, usipotaka keti.

Mama, nimebakiza hatua moja nihitimu. Usinibadilikie sasa.

Kifungua

*

Chuoni, Jumatatu, 26 Machi

Mama,

Nimekaa na karatasi hii tangu juzi.

Nataka kujua kitu kimoja. Yule mama wa miwani alikuuliza vizuri, bila kukutega. Uani kulikuwa kimya. Mfano wangu ulikuwa mezani, pacha wamekatazwa kuugusa. Ukasimama. Ukanitazama mimi, si yeye. Ukasema, "Hapana." Ukaketi.

Neno moja. Hukueleza, hukuongeza. Kisha yule bwana wa kampuni akatabasamu, akaandika, na majirani wakawa wanatazama miguu yao.

Najua niliondoka bila kuingia ndani. Niliona mlango wetu una namba nyekundu nikashindwa kuukaribia. Mpe Bibi pole zangu, alikuwa ananiita.

Kwenye basi Kifutio alitazama dirishani tu, kifutio kikiwa mfukoni. Afadhali angefuta. Jopo limetoa muda hadi katikati ya Aprili. Wakazi wasipoonyesha wanachotaka, kota inavunjwa na ghorofa inajengwa. Mtahama. Bibi atabebwa na miguu ile mpaka nje ya mji, kwa sababu ya neno lako moja.

Uliniandikia kwa mkono wako kwamba wote mnataka jiko. Nina barua yako hapa. Ulinidanganya wakati ule au juzi?

Kifungua

*

Kota, Alhamisi, 29 Machi

Mwanangu, kifunguamimba wangu,

Bibi yako anakusalimu, hana kinyongo. Anasema mtoto anayeondoka kwa hasira atarudi kwa njaa. Baba yako anakusalimu. Kitinda anakusalimu. Mama Pacha anakusalimu, na Fundi Cherehani pia, na kuhusu hao wawili nina habari.

Nilikudanganya wakati ule. Juzi nilisema kweli.

Ila nikueleze, kwa sababu uongo wenyewe haukuwa wangu peke yangu. Ulinituma niulize swali, nami nikaliuliza uani, wakati wa kupika, Mama Pacha kakaa ubavuni kwangu. Nani angesema nimechoka kupika na ninyi? Ni kumtemea mtu mate usoni. Yeye akasema linalofaa, Fundi akasema linalofaa, na mimi nikakohoa nikasema linalofaa. Sikujua kama maneno ya adabu huko kwenu mnayajengea nyumba.

Kwenye barua ya pili nilijaribu kukuambia, nikaona aibu, nikazungukazunguka. Ukadhani naogopa kusimama. Na kamba haikukatika, mwanangu. Ilikatwa. Zile namba nyekundu zilipofuata nyuma ya kamba yangu, watu walijumlisha. Wakasema Mama Kamba katupimia, katuuza. Nilifungua mlango asubuhi nikaikuta imekunjwa vizuri kizingitini, vipande vipande. Sikukuandikia kwa kuwa ulikuwa na mtihani. Mama hampi mtoto mzigo anapovuka mto.

Kwa hiyo siku ile nilisimama mbele ya watu waliokuwa wananiona msaliti, na mbele yako. Nikikubali, wewe unashinda, na sisi tunajengewa kuta zisizofika darini mpaka tufe. Nilitaka kueleza. Lakini ningeeleza vipi, hapo hapo uani?

Sasa nitakueleza kwa nini. Kabla ya Kitinda, ulikuwa na mdogo wako mwingine. Tulikupeleka kwa shangazi, tukakwambia nina homa. Alikuja kabla ya wakati wake, mchana, uani watu wamejaa. Alitoka kimya. Mashine ya Fundi ikasimama. Masufuria yakanyamaza. Nikasikia kota nzima inavyosikiliza. Nilichukua pembe ya shuka nikaiingiza mdomoni, nikaing'ata, kwa sababu ningelia wangelia wote, na mimi nilitaka kulia kilio changu mwenyewe kwanza, hata kidogo, kabla hakijawa cha watu. Sikupata. Mpaka leo sijapata.

Na asubuhi yake Mama Pacha, ambaye hata pacha alikuwa hajawapata, aliingia bila kuulizwa, akachukua nguo zote za damu akazifua, akaanika, akaondoka. Alijuaje? Alisikia. Kwa hiyo siwezi kusema ukuta ule ni adui tu. Ndiyo maana nilisema neno moja nikaketi. Lingine, la kubeba yote mawili, halikuwa na jina.

Haya, habari ya hao wawili.

Ulipoondoka watu walitawanyika kama msibani. Jumatatu naelekea sokoni, Mama Pacha akanifuata nyuma. Nikasema leo napigwa. Tulipovuka daraja akasema, "Mama Kamba, ile hapana yako ulikuwa na maana gani?"

Nikamwambia, "Maana yake nataka kupika pangu."

Akasimama. "Na mimi."

"Mbona ulisema jiko lisiguswe?"

"Ulikuwa umenikalia hapa! Ningesemaje?"

"Na mimi nilikuogopa wewe!"

Tulicheka mpaka muuza mkaa akadhani tunamcheka yeye. Lakini mwanangu, usidhani mambo ni mepesi. Akaongeza, "Nataka jiko langu, ila nikienda bombani nani atanitazamia hawa mashetani wangu wawili? Sasa hivi kota nzima inawatazama."

Tangu siku hiyo nimekuwa nakwenda sokoni kila asubuhi hata kama sina cha kununua, kila siku na jirani mwingine. Njiani watu husema kweli, labda kwa kuwa hamtazamani usoni. Fundi Cherehani aliniambia anataka ukuta mnene. Nikamuuliza, "Wa kutuzuia sisi?" Akasema, "Wa kuwasitiri ninyi. Miaka yote hii nakanyaga mashine kwa vidole, Bibi akilala, pacha wakilala. Nataka siku moja nikanyage kama mwanamume." Mbele kidogo akasema, "Kamba niliikata mimi." Nikamwambia nilijua, hakuna mwingine mwenye mkasi mkali vile. Akasema atanishonea nyingine. Nikamwambia, "Fundi, kamba haishonwi." Akasema, "Basi nitajua la kufanya."

Na Bibi yako? Nilimuuliza sikioni. Akasema, "Mkinifungia ukuta mpaka juu na mlango mkaurudishia, mtakuwa mmenizika na akili zangu zote. Nataka kuona watu, hata wakiwa wajinga."

Sasa unaona. Huyu anataka kufungiwa, huyu anataka kuonekana, na huyu anataka vyote viwili kwa siku moja. Hapo mimi nimegonga mwamba. Nimejaribu kuchora kwa mkaa sakafuni, nimepata umbo la kiatu. Hiyo ni kazi yako, ndiyo uliyokwenda kuisomea.

Hasira yako ni halali yako. Ila usiache kula kwa ajili yangu. Niandikie upesi, hata tusi.

Mama yako

*

Chuoni, Jumatano, 4 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo nyingine kwa ile niliyokunyima.

Sina la kuandika kuhusu mdogo wangu. Nimejaribu mara kadhaa nimefuta. Nitakuja, tutatembea kwenda sokoni.

Barua yako nilimsomea Kifutio, siyo yote, sehemu ya uani na ya njiani tu. Aliketi juu ya meza ya mtu. Akasema, "Ulichora jibu zuri kwa swali lililoulizwa mahali pabaya." Nikasema ni kosa langu, kwa sababu aliyeuliza aliuliza kama nilivyomtuma, sikumwambia wapi wala vipi. Akasema hata yeye hakuniuliza, aliona karatasi imejaa akafurahi. Halafu akatoa kifutio akanipa, badala ya kufuta mwenyewe. Nimefuta karibu kila kitu.

Gharama yake nikuambie wazi, tumeshafichana vya kutosha. Kazi niliyoifuta ndiyo niliyokuwa nihitimu nayo. Mpya haitawahi kusahihishwa mwaka huu, nitaketi na wa marudio mwakani. Nimekubali. Usilie.

Sasa mchoro. Kuta kati ya vyumba zinafika darini, na ni nene, kwa sababu nimezichimba makabati pande zote mbili. Nguo zako na vitambaa vya Fundi vitakaa katikati yenu na kumeza sauti. Akanyage kama mwanamume. Jiko la pamoja limeondoka. Kila chumba kina jiko lake dogo mbele, palepale mlangoni, linalotazama uani. Na mlango wenyewe umekatwa katikati, nusu ya juu na nusu ya chini, kila nusu ina komeo lake. Ukifunga chini tu, pacha hawatoki na Bibi anaona watu. Ukifunga zote mbili, umefunga, na hakuna atakayejua unafanya nini mle ndani. Ua nimeuacha mtupu, na bomba lake, ili mtu atoke akitaka, siyo kwa sababu hana pengine.

Sijui kama ni sahihi. Mara hii sijui, na Kifutio anasema hiyo ndiyo dalili nzuri ya kwanza kuiona kwangu.

Jopo limekubali kurudi mara moja, tarehe kumi na nne, na wataamua siku chache baada ya hapo. Bwana wa kampuni amelalamika. Mama wa miwani amesema atasikiliza watu mmoja mmoja, chumbani, bila wengine kusikia. Lakini wapi, Mama? Ofisini kwao ni mbali kwa Bibi na wazee, na kota yote ni bati. Nimefikiria mpaka kichwa kinauma.

Nisaidie hapo.

Kifungua wako

*

Kota, Jumapili, 15 Aprili

Mwanangu Kifungua,

Leo wote wanakusalimu kwa wakati mmoja na kila mtu anataka atangulie, kwa hiyo nitaanza na Bibi kwa heshima ya miguu yake. Bibi yako anakusalimu akiwa amekaa kwenye kiti mlangoni. Usishangae. Baba yako hakuuelewa mchoro wa mlango wa nusu, na mimi ulinitia shaka, nimeona ng'ombe wakifungiwa hivyo. Basi akachukua msumeno akaukata mlango wetu katikati, ile kumi na saba nyekundu ikagawanyika, nusu imebaki juu na nusu chini. Tangu hapo Bibi anakaa nyuma ya nusu ya chini kama karani wa posta, kila apitaye lazima asimame aulizwe. Watu walikuja kuujaribu, wakafunga, wakafungua. Mama Pacha aliweka pacha ndani, akafunga nusu ya chini, akaenda bombani na kurudi akiwakuta. Akasema, "Huyu mtoto wako asirudi mwakani, arudi kesho." Hakuna aliyehitaji kuelezwa mchoro tena.

Baba yako anakusalimu, vidole vyote anavyo. Kitinda anakusalimu, penseli aliyoileta kondakta ameshaitafuna. Fundi Cherehani anakusalimu, na ndiye aliyetatua lile la kusikika.

Nilimwambia shida yako tukiwa njiani. Akasema, "Mama Kamba, wanachoogopa ni masikio, sivyo? Waleteni kwangu." Jana jopo lilipofika akamkalisha yule mama wa miwani kwenye kona ya chumba chake, kiti kimoja mbele yake, na yeye akaketi kwenye mashine akawapa mgongo. Kila aliyeingia, Fundi akakanyaga. Akakanyaga kama mwanamume. Chumba kilitetemeka, kuku wa jirani wakahama. Sisi tuliobaki uani tulikuwa tunaona midomo tu dirishani, hata Bibi alishindwa kuiba neno na alikasirika sana. Mpaka jioni alikuwa ameshona mstari mmoja mrefu usio na mwanzo wala mwisho kwenye shuka kuukuu. Ilipofika zamu yake mwenyewe, mashine ilikanyagwa na Mama Pacha, akavunja sindano.

Sijui walisema nini. Mama Pacha nimemuuliza, kasema, "Si ndiyo maana ya ile kelele?" Bibi alibebwa na baba yako mpaka kwenye kile kiti, akakaa muda mrefu kuliko wote, akatoka anapangusa macho, hataki kusema. Na mimi nilikaa. Nilimwambia yule mama yote, kuhusu mchoro wako na kuhusu mdogo wako. Halafu, mwanangu, mashine ikilia vile, nililia. Kwa sauti. Yule mama alinishika mkono akangoja. Fundi hakugeuka wala hakusimamisha mguu, na nilipotoka uani hakuna aliyenitazama usoni kwa kujua. Mama Pacha tu ndiye aliyenisogezea ndoo ya maji ninawe uso, naye hakuuliza.

Yule bwana wa kampuni alikuwepo, naye hakutabasamu wala hakununa, kwa hiyo sijui. Mama wa miwani alikunja karatasi zake akasema chuo kitapata jibu kwanza, kisha manispaa, kisha sisi. Usiku sipati usingizi vizuri. Nikiangalia darini nauhesabu ukuta ule kama ni wetu, kisha najikuta nafunga vyombo kichwani, nawaza Bibi atapandishwaje kwenye lori. Vyote viwili navibeba, sina pa kuviweka.

Kamba mpya ninayo. Fundi kaisokota kwa vipande vya vitambaa vya wateja wake wote, kota nzima imo humo, inabeba mablanketi.

Sasa sikiliza namna ya kunijibu. Jibu likiwa baya, niandikie barua kama kawaida. Nitaipokea kwa kondakta, nitafunga nusu ya chini na nusu ya juu, niisome peke yangu kabla sijawaambia. Lakini likiwa zuri usiandike. Piga simu. Piga jioni, wakati wote wako uani wanapika, nami nitaiweka sauti ya juu kabisa na kuisimamisha ukutani kwa Fundi.

Kuanzia kesho nitakuwa nakwenda stendi kila asubuhi kumwangalia kondakta mikono. Tangu uondoke hapa nimeomba barua zako kila siku. Hii moja naomba isije.

Fanya upesi, mwanangu.

Mama yako